Namba Nne wa Papa René

Sehemu ya sita

"Faustin, mutoto yangu, fungua. Ni miye."

Sauti iliyokuwa inaita mlangoni haikuwa ya jirani, wala ya mwenye nyumba. Ilikuwa sauti ya baba yake, na baba yake alipaswa kuwa Barumbu, mbali huko mto unakoshukia, mwendo wa siku kadhaa kwa boti.

Faustin alisimama katikati ya chumba chake cha kupanga pale Kabondo, mjini Kisangani, ndala moja mguuni, nyingine mkononi. Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi.

Ninyi mnaonifuata tangu mwanzo mnajua kwa nini jasho lilimtoka. Anayeanza leo nimwambie kwa ufupi. Faustin yuko mwaka wa kwanza wa kilimo, chuo kikuu. Alichelewa kufika Kisangani kwa wiki tatu kwa sababu injini ya boti ilikufa njiani. Alipofika, wenzake walikuwa wamekwisha kujuana. Siku ya kuwapokea wapya ilikuwa imepita. Makundi ya kusomea yalikuwa yamejaa. Hata timu ya mpira ya mwaka wa kwanza, ile inayoundwa makusudi ili wageni wazoeane, orodha yake ilikuwa imefungwa. Kwa miezi mitatu mtu pekee aliyemwita kwa jina alikuwa mwalimu msaidizi anayeita majina darasani, naye huita bila kuinua macho.

Na kwa miezi mitatu, kila Jumapili, baba yake alimpigia simu akamuuliza swali moja: "Unakula na nani?"

Ukweli ni kwamba Faustin alikula kwa mama mmoja wa malewa, anayeuza chakula kando ya barabara, amesimama, sahani mkononi, kisha akaondoka. Lakini Jumapili ya kwanza alijibu, "Na bale ba équipe," wale wa timu. Uongo mdogo, wa kumtuliza mzee. Jumapili ya pili équipe ikapata kocha. Ya tatu, Faustin akapewa jezi. Ya nne, akafunga bao kwa kichwa.

Sasa mzee yuko mlangoni.

Akafungua.

Papa René alikuwa mrefu, mwembamba, mfuko begani, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni kama walimu wa zamani wanavyofunga. Alimtazama mwanawe kidogo kando, karibu na sikio. Alitazama hivyo kwa miaka miwili sasa, kwa sababu macho yake yalikuwa yanakufa katikati, na uoni uliobaki ulikuwa wa pembeni tu.

"Papa. Umefika lini?"

"Asubuhi hii. Boti imetuacha ku beach, kule bandarini."

"Na haukunipigia."

"Ningekupigia, ungesema nisijisumbue." Aliingia, akiupapasa mlango. "Kesho kutwa, lundi, niko na rendez-vous kwa docteur wa macho. Lakini leo ni samedi. Ulisema samedi munacheza."

Faustin alivaa ndala ya pili.

"Munacheza ao hamuchezi?"

"Tunacheza, papa. Saa tisa."

Mzee alizunguka chumba kwa mikono. Akagusa sahani, moja. Kijiko, kimoja. Akagusa kiti, akatafuta kingine, hakukipata.

"Barafiki wakikuya kukusalimia, wanakaa wapi?"

"Wanakaa ku kitanda."

Papa René akaweka kiganja juu ya kitanda, akakipitisha taratibu juu ya shuka lililonyooshwa vizuri. Kisha akasema, "Bon. Tuende mapema, nipate nafasi ya mbele."

Walichukua baiskeli mbili za toleka, zile za kubeba abiria. Mzee alikaa nyuma ya dereva wa kwanza, magoti nje, kichwa juu. Alizaliwa mji huu huu kabla ya kupelekwa kufundisha Barumbu, na ingawa ndugu zake walishatawanyika, alikuwa bado anajua kila kona. "Hapa kulikuwa na duka la mkate," alimwambia dereva. "Hapa tulikuwa tunakata kushoto." Faustin alifuata nyuma, akiomba mnyororo ukatike. Haukukatika.

Uwanja wa chuo ulikuwa wa udongo mwekundu, wenye majani pembeni tu, na upande mmoja ngazi za saruji za kukalia watu. Mvua ya jana ilikuwa imeacha matope mbele ya magoli. Wanafunzi walikuwa wengi. Ilikuwa mechi ya wapya wa Kilimo, jezi za kijani, dhidi ya wapya wa Sayansi, jezi nyeupe.

"Kaa hapa, papa. Nakwenda kuvaa."

Hakwenda kuvaa. Alikwenda moja kwa moja kwa Alphonse.

Alphonse alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, ndiye aliyefundisha timu ya Kilimo. Alikuwa amechuchumaa, anafunga kitambaa kwenye kifundo cha mchezaji.

"Coach, naomba kitu kimoja. Uandike jina yangu ku banc, kwa bale ba akiba. Sitacheza. Nikae tu na jezi."

Alphonse hakugeuka. "Weye ni nani?"

"Faustin. Wa première, Agro." Mwaka wa kwanza, Kilimo.

Hapo akageuka. Alimtazama juu hadi chini, bila ubaya, kama mtu anayetafuta alipoweka ufunguo. "Agro ya hapa? Sijawahi kukuona."

"Nakuyaka ku entraînement yote. Nakaa pale ku mur."

"Yote?"

"Yote."

"Na juu ya nini haukukuya kuniuliza?"

Faustin aliutazama ule ukuta. Angesema nini? Kwamba alikaa ukutani siku arobaini za mazoezi akingoja mtu ampungie mkono? Kwamba kila jioni alijiambia kesho, na kesho yake watu walikuwa wamezoeana zaidi na yeye amezidi kuwa mgeni?

"Liste iko kwa arbitre," Alphonse alisema. "Siwezi kuigusa tena. Kuya lundi tuongee." Filimbi ya mwamuzi ikamwita, akaenda.

Faustin alirudi ngazini. Alikuwa amekwisha kupanga maneno. Papa, nilikudanganya. Maneno mawili tu.

"Haujavaa?" mzee aliuliza.

"Papa..."

"Ngoja, kwanza uniambie. Nitakujua namna gani? Rangi naona. Mutu akikimbia, naona. Sura, hapana. Numéro, kama iko mukubwa na inapita karibu, naikamata na pembeni ya jicho. Uko numéro gani?"

Mzee alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, uso wake umewaka kama wa mtoto anayengoja zawadi.

Uwanjani, beki wa kijani alikuwa ananyoosha miguu mbele yao kabisa. Mrefu, mikono mirefu, mabega membamba. Kwa mgongo, wenye namba nne, ungedhani ni Faustin.

"Quatre," Faustin alisema.

Neno moja, msomaji. Akalitoa, akaondoka.

Alijificha nyuma ya tangi la maji, hatua kama kumi kutoka ngazini. Kutoka hapo alimwona baba yake kwa upande, na uwanja wote.

Mpira ukaanza. Namba nne, jina lake Jeancy, alikuwa mchezaji hasa. Dakika ya tatu akaunyang'anya mpira miguuni mwa mtu, akautoa nje.

"Faustin," Papa René akaita. "Vizuri, Faustin."

Faustin alishtuka kama mtu aliyeguswa shingoni. Tangu afike chuoni hakuwahi kusikia jina lake likiitwa hadharani kwa furaha. Sasa liliitwa, nalo lilipita juu ya kichwa chake likaenda kwa mtu mwingine.

Mzee aliita tena, na tena. Wanafunzi waliokaa karibu wakageuka, wakacheka kidogo. Walidhani labda ndilo jina la pili la Jeancy, la nyumbani. Mmoja akalidaka, akaita naye. Kisha watano. Jeancy alipoutoa mpira wa hatari kwa kichwa, ngazi nzima iliimba, "Faus-tin, Faus-tin," ikipiga makofi.

Nyuma ya tangi, Faustin aliweka mikono masikioni. Baadaye akaiondoa, kwa sababu alitaka kusikia.

Kando ya mzee alikuwa amekaa msichana mwenye daftari. Faustin alimjua. Naomie, mwaka wa pili wa saikolojia, wa kamati inayofuatilia maisha ya wanafunzi wapya. Mwezi wa kumi na moja alimsimamisha mlangoni mwa darasa, akamuuliza maswali, akaandika majibu, akaenda kwa mwingine. Sasa alikuwa anamsikiliza mzee, kichwa kimeinama, na kalamu yake imesimama.

Mapumziko yakafika, bado hakuna bao.

Wachezaji wa kijani walikuja kunywa maji palepale chini ya ngazi. Papa René alisimama, akanyoosha mkono kuelekea ile rangi na ile namba, akamshika Jeancy kiganja.

"Umechoka, mutoto?"

Jeancy alimtazama mzee asiyemjua. Lakini mzee akikuita mtoto, unaitika. "Kidogo, papa."

"Kunywa maji. Usikimbie sana mu matope, magoti itaumia."

"Ndiyo, papa."

Mzee hakuuachia mkono upesi. Aliushika kwa mikono yote miwili, akatembeza kidole gumba juu yake, taratibu, muda mrefu kiasi kwamba Jeancy aliwatazama wenzake akitabasamu kwa aibu. Kisha akamwachia, akaketi.

Faustin aliona yote. Siwafichi, alimwonea Jeancy wivu. Si wivu wa jezi. Wivu wa ule mkono.

"Faustin wa Agro."

Aligeuka. Naomie alikuwa amesimama nyuma yake, daftari kwapani.

"Ndiyo weye, hapana?" alisema kwa sauti ndogo. "Papa ule ananiambia mutoto yake Faustin wa Barumbu ni numéro quatre. Numéro quatre ni Jeancy, mutoto ya hapa mujini, ya Mangobo. Tumesoma naye primaire."

"Usimwambie."

"Sijamwambia kitu." Alifungua daftari, akageuza kurasa. "Novembre nilikuuliza, unalala namna gani? Ukajibu bien. Unakula namna gani? Bien. Uko na barafiki wangapi? Ukajibu bien." Akainua macho. "Mutu hajibu bien, muzuri, kwa ile swali. Nilipaswa kurudi kukuona. Nilikuwa na majina mia mbili, nikakusahau. Ile ni kosa yangu."

Faustin alilitazama lile daftari. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba msamaha kwa kumsahau.

"Uende umuone," Naomie alisema. "Mi-temps haijaisha, bado wanapumuzika."

"Acha arudi Barumbu na hii. Iko na furaha. Haukumusikia?"

"Nilimusikia, na ya docteur ameniambia. Na lundi docteur akimuponyesha macho? Atataka kuona nini ya kwanza?"

Na hapa, msomaji, nitasema jambo ambalo yeye mwenyewe hakuweza kulisema. Wazo lilimpita moyoni, fupi sana. Daktari asifaulu. Lilipita na kwenda, lakini alikuwa ameliona. Akakaa chini kwenye udongo mbichi, mgongo kwenye tangi.

Naomie alimwona uso, hakuuliza. Alikunja sketi yake, akakaa naye, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Tukienda wawili itakuwa ngumu?" aliuliza.

"Kisha match," Faustin alisema. "Match ikiisha, naenda."

Filimbi ikalia.

Kipindi cha pili kilikuwa kingine. Sayansi walikuja juu, tope likaruka, na Papa René hakukaa tena. Alisimama, mkono mmoja kwenye bega la kijana aliyekaa mbele yake, akaita.

"Faustin."

Aliita mpira ukiwa upande wa pili. Aliita mpira ukiwa umetoka na kila mtu amenyamaza. Sauti haikuwa ile ya kipindi cha kwanza. Haikushangilia. Ilikuwa ya mwalimu anayeita uwanja mzima wa shule, ndefu, yenye subira, ikigeukia kushoto, halafu kulia.

"Mbona anaita na mupira haiko kwa Jeancy?" Naomie aliuliza.

"Haoni vizuri," Faustin alijibu.

Zilibaki kama dakika ishirini. Mpira wa juu ulishuka pembeni, mbele ya ngazi. Jeancy aliruka. Mshambuliaji wa Sayansi akaruka pia. Vichwa viligongana kwa kishindo ambacho hata watu wa ngazi ya juu walikisikia.

Mshambuliaji alikaa chini, akishika paji la uso. Jeancy hakukaa. Alilala kifudifudi, mkono mmoja chini yake.

"Numéro quatre," mtu alisema. "Haamuki."

Papa René alikuwa amekwisha kuanza kushuka. Alipapasa kila ngazi kwa mguu, akavuka mstari wa chokaa, akatembea ndani ya uwanja akielekea kelele. Alifika kabla ya wengine kujua la kufanya. Akapiga goti kwenye tope.

"Mutoke kidogo. Apate hewa. Hapana, usimuvute kichwa. Nani iko na maji? Munipatie kitambaa." Miaka thelathini ya kufundisha watoto ilikuwa kwenye sauti ile, na vijana wakubwa walitii. Alimgeuza Jeancy ubavu, taratibu, shingo imeshikwa, akamfuta udongo mdomoni.

Mwamuzi aliinama. "Papa, ni mutoto yako?"

Faustin alikuwa anakimbia. Hakukumbuka kuamua. Alijikuta yuko kwenye matope, Naomie nyuma yake, watu wanampisha.

"Papa," mwamuzi alirudia, "huyu ni mutoto yako?"

"Hapana," Papa René alisema.

Faustin alisimama hatua mbili nyuma yake.

"Huyu si wangu. Ni mutoto ya benyewe, muzuri sana. Wangu iko hapa karibu, ananisikia. Namuita tangu mi-temps."

Alphonse aliinua macho, akamwona yule kijana wa ukutani.

"Niko hapa, papa," Faustin alisema.

Mzee hakugeuka. Aliweka tu mkono nyuma, kiganja wazi, akangoja. Faustin akaushika.

"Vizuri," Papa René alisema. "Sasa saidia rafiki yako."

Jeancy alifumbua macho. Alitapika kidogo, akauliza wako bao ngapi. Watu walipumua. Wakatandaza vitambaa viwili vikubwa chini yake, na Alphonse akagawa kona. "Weye hapa. Weye kule. Faustin, shika upande wa miguu."

Walimbeba hadi zahanati ya chuo, mbele ya majengo ya madarasa. Njiani Jeancy alimtazama aliyekuwa ameshika upande wa miguu.

"Ndiyo weye Faustin?"

"Ndiyo miye."

"Umenichosha, ndugu. Match yote nasikia jina, nageuka, sioni mutu." Akafumba macho. "Papa yako iko na mukono ya moto. Umuambie merci."

Muuguzi alisema kichwa kimepigwa lakini kijana atapona, akae pale hadi jioni atazamwe. Naomie alibaki naye. Alphonse alirudi uwanjani mbio, maana mechi ilikuwa inangoja. Faustin na baba yake wakabaki nje kwenye benchi, chini ya bati, magoti ya suruali zao yote manne yana tope.

Papa René alifuta mikono yake kwenye suruali.

"Ulijua lini?" Faustin aliuliza.

"Mukono. Mukono ya ule kijana iko ngumu, ya mutu anayebeba mizigo. Ya kwako naijua tangu iko kama hii." Alionyesha ukubwa kwa vidole viwili. "Na sauti. Macho inakufa, masikio iko."

"Na haukukasirika?"

"Nilikasirika. Nikataka kuondoka. Kisha nikafikiri, kama ananificha hivi, iko karibu, ananitazama. Mutu anayekutazama hayuko mbali. Bon, nikaanza kuita."

Faustin aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka, akayaacha, kwani hakuna aliyeyaona.

"Unalia," baba yake alisema.

"Kidogo."

"Ku kitanda yako hakuna mutu amekaa, Faustin. Nilisikia na mukono asubuhi. Shuka iko kama ya hoteli. Juu ya nini haukuniambia ku simu?"

"Nilisikia aibu. Batoto yote bako na batu. Nikaona ni miye niko na kasoro." Akatafuta maneno. "Na kila dimanche ulikuwa unafurahi, papa. Ilikuwa kitu muzuri ya wiki yangu, kusikia unafurahi."

Papa René alitikisa kichwa polepole.

"Unisikilize. Kuanzia leo, katikati yangu na weye, hakuna kupamba. Kama siku iko mubaya, unasema mubaya. Kama haujakula, unasema sijakula. Hata kama nitalia. Unaapa?"

"Naapa."

"Na miye naapa." Mzee alinyoosha miguu, akaikunja tena. Vidole vyake vilianza kucheza na kifungo cha shingoni. "Donc na miye niseme ya kwangu. Sikufika leo."

Faustin aligeuka.

"Nilifika mardi, Jumanne. Rendez-vous ya docteur haikuwa lundi inayokuya. Ilikuwa mercredi, kesho yake. Nimekwisha kumuona."

"Siku ine, papa? Ulilala wapi?"

"Kwa bapadri. Wana vyumba bya wageni. Asubuhi nakunywa chai, nakaa ku veranda, nasikiliza batu wanapita. Jioni nakula, nalala." Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayesoma ratiba. "Docteur alisema nirudi na mutu ya famille, apate kunieleza. Nikamuambia mutoto yangu iko na masomo, iko na match, iko na barafiki yake. Sikutaka kukutoa kwa batu yako."

Faustin alitazama ile mikono iliyokuwa inapapasa kifungo. Siku nne. Mji mmoja, wawili wao, kila mmoja amekaa peke yake akilinda furaha ya mwenzake isiyokuwepo.

"Akaandika ku karatasi," Papa René aliendelea. Alitia mkono ndani ya shati, akatoa bahasha iliyolainika kwa jasho. "Iko ndani. Bapadri wangenisomea. Lakini kitu kama hii mutu anataka kuisikia na sauti ya kwao." Akaitoa mbele, kidogo kando, pale alipodhani mkono wa mwanawe upo. "Usome."

Faustin aliichukua. Mistari ilikuwa sita, ya Kifaransa, mwandiko wa haraka. Alisoma wa kwanza, wa pili. Alipofika wa tatu alipunguza mwendo. Jicho la kuume, hakuna tena la kufanya. La kushoto, operesheni haitasaidia. Mgonjwa ajiandae kwa upofu, yeye na familia yake, kabla ya mwaka kwisha.

Kutoka uwanjani watu wakapiga kelele, bao limeingia, hakujua la nani.

Baba yake alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekezwa kwake, uso mtulivu kabisa.

"Inasema nini, mutoto yangu?"

Faustin alirudisha kidole kwenye mstari wa kwanza. Hata dakika tano zilikuwa hazijapita tangu aape kutopamba.